Ka Inaangaliwa, Imefeli

Sogea kwa base, leo story ni focus. Si ile ya motivational speaker anakulipisha thao tatu kwa hoteli ya tao akushow uamke saa kumi asubuhi. Zii. Hii ni focus ya mtoi wa prayo. Saa nane mchana. Odijo ako kwa ubao anapiga fractions, jua inachoma mabati, mtoi ako present kwa register lakini kichwa ilishapanda mathree ikaenda Rongai.

Kuna wasee wamecheki huyo mtoi wakaona soko. Na wanauza, manze. Spinner. Cube. Pop it. Kiti ya kuyumba. Kofia ya penseli ya kutafuna. Chupa ya kukukumbusha ukunywe maji, ni kama kiu imesahau kazi yake. Box zote zinaimba wimbo moja: hii kitu itasaidia mtoto wako kumakinika. Na box haijawai danganya mtu, si ndio?

Mimi niko na sheria moja tu. Nimeitoa kwa kichwa yangu, hakuna profesa alinisaidia: ka darasa inaangalia hiyo kitu, hiyo kitu imefeli. Wazi? Product ya focus ikiwa na luku kushinda odijo, haisaidii odijo. Inashindana naye. Na odijo na hiyo chaki yake atapoteza kila siku.

Tuanze na mfalme wa aibu. Fidget spinner, 2017. Ka ulikuwa unapumua huo mwaka uliiona. Jam ya Jogoo Road, hawker ako na maji, karanga, chaja ya simu, na spinner. Soo mbili. Ukijifanya hujali, soo. Zingine zilikuwa na taa. Taa, buda! Kitu ya kusaidia mtoi asikie mwalimu, imewekewa taa za club. Hapo sheria yangu haikuhitaji hata kuingia job.

Majuu walimpea mama mmoja wa Florida crown ya inventor, anaitwa Catherine Hettinger. Alipata patent ya toy yake ya kuzungusha 1997, akaipeleka Hasbro, Hasbro wakamshow asante kwa kuja. 2005 ikafika, anafaa kulipa dola 400 ndio patent iendelee kupumua. Hakuwa nazo. Ikalala. Miaka 12 baadaye dunia nzima inazungusha, yeye anacheki tu kwa TV. Kabla utoe machozi lakini, toy yake haikuwa design ya hizi tulibuy kwa jam. Hata angelipa hizo dola, factory zingepita kando yake zikimsalimia.

Sasa swali ya maana. Zilisaidia? Wasee wa Florida International University walichukua watoi wadogo wa ADHD, wakawapea spinner darasani, wakawacheki. ADHD, ka hujui, ni venye ubongo wa mtoi hautaki kukaa station moja. Si utundu, si mapepo, si eti alikosa kiboko. Mwanzo mwanzo watoi wakapunguza kurukaruka. Poa. Lakini macho? Macho yakahamia kwa spinner, na mzigo wote. Yaani mwili umetulia, akili imekula fare.

Kule Marekani shule zikaanza kuzipiga ban huo huo mwaka wa 2017. Huku kwetu ban haikuhitaji barua. Odijo aliweka mkono, ukaweka spinner kwa mkono, mkono ukaingia drawer. Drawer ya odijo ndio museum ya ukweli ya nchi hii. Iko na yoyo, kadi za mpira, simu ya Nokia yenye charge, barua ya love ya class seven, na spinner ya mtoi mwenye saa hii ako na ndevu.

Fidget Cube nayo ilikuwa na akili kiasi. Wasee wa Antsy Labs waliiweka Kickstarter 2016 wakiitisha dola 15,000. Wakapewa zaidi ya milioni 6. Soma hiyo tena polepole. Kadude kadogo ka pande sita, unabonyeza, unasugua, unazungusha. Upande moja uko na button tano: tatu zinaclick, mbili zimenyamaza. Hizo mbili ndio zilinibamba. Huyo designer amewahi kukaa meeting, akaona jicho la boss. Ni vile tu hakumada job. Kwa darasa ya watoi sitini hakuna click ya mtu mmoja. Moja ikianza, nyingine inajibu kutoka nyuma, na kabla odijo ageuke tayari kuna beat, kuna msee anatafuta lyrics. Na by the way, kabla Cube za ukweli zifikie wenye walilipa, copy zilikuwa zishajaa soko. Omoka haraka ama uomokewe.

Pop it ilirudi na TikTok, 2021 ikawa kila mahali, hadi mathe wa mboga alikuwa nazo kando ya dania. Watoi walidhani ni kitu mpya. Mpya wapi! Iliundwa 1975 na bwana na bibi wa Israel, Theo na Ora Coster, hao hao wenye walitoa ile game ya Guess Who?. Na Theo alisoma darasa moja na Anne Frank kule Amsterdam. Hiyo ukiirusha kwa base leo utaheshimika wiki nzima, utanishukuru baadaye. Lakini ni toy. Toy safi, toy tamu. Darasani ni ngori. Mtoi anahesabu vibonyezo, hahesabu fractions.

Na hapa ndio wazee wanaingianga kwa mazungumzo bila kuitwa.

Uliza mzee yeyote venye watoi watafocus. Atakohoa. Atarekebisha kofia. Halafu: "Sisi tulisomea chini ya mti." Msee, huo mti uko wapi? Juu kila mzee Kenya hii alisomea hapo. Wa Siaya hapo. Wa Murang'a hapo. Wa Kitui hapo, na alitembea kilomita kumi na mbili bila ndula akivuka mito saba kuufikia. Huo mti ulikuwa na capacity ya Kasarani. Na ajabu ni kwamba wote walikuwa namba moja. Sijawai patana na mzee alisomea chini ya mti akawa namba thelathini na nane.

Product yao ya focus tunaijua: kiboko. Wacha tuipee haki yake. Design simple, haina battery, haina shipping, spare inamea kwa fence. Ilipigwa marufuku shuleni 2001, na si sentiments tu. Cheki venye ilikuwa inafanya kazi. Odijo akiingia nayo, class nzima inafocus. Kwa nini? Kwa kiboko! Iko mkono gani, imeenda row gani, leo ni ya mti gani. Fractions zikapita hapo kando zikiwa zimevaa suti, hakuna mtu aliziona. Ilikuwa inaangaliwa. Imefeli.

Sasa tuingie kwa vitu zenye ziko na akili, juu si kila designer ni mkora.

Kosa la wazee na la wauza spinner ni moja: wanadhani kutulia ndio kufocus. University of Central Florida walitoa research 2015, walicheki boys wa miaka 8 hadi 12. Wenye wako na ADHD, venye walizidi kusongesha mwili ndio venye walifanya poa kwa test za kushikilia vitu kwa akili. Wenye hawana ADHD, ikawa opposite, wakisonga sana wanachafua. Kwa hivyo ule mguu unatingika chini ya dawati, wenye odijo anautukana kila siku? Kwa watoi wengine huo mguu ndio unasoma. Ukiusimamisha umezima generator.

Designer mwenye ameshika hii rada anaingia chini ya meza. Kuna counsellor wa shule huko Marekani, Scott Ertl, alikuja na kitu inaitwa Bouncy Bands. Ni mpira unafungwa kutoka mguu moja wa mbele wa dawati hadi mwingine. Mtoi anaukanyaga, anausukuma, anauvuta. Kelele hakuna. Taa hakuna. Jirani haoni, odijo haoni, hata mtoi mwenyewe baada ya dakika tano amesahau ako nayo. Sheria yangu inasimama inapiga saluti.

Halafu unacheki bei. Dola kumi na kitu. Ya moja. Weka shipping, weka customs, weka msee wa kuleta na nduthi. Manze, hiyo ni tube! Tube ya baiskeli. Fundi wa hapo stage ako na rundo yake inakaliwa na kuku, mpatie mbao mbili atakukatia metre na change ya maneno. Shida ni moja na lazima designer aifikirie kabla hajachapisha logo: mtoi wa Eastlando ukimpea tube, hiyo ni nusu ya manati. Jioni kuna dirisha ya mtu imeenda. Kwa hivyo lazima ifungwe mahali vidole vidogo haziwezi fungua, na vidole vidogo zinafunguanga kila kitu. Nenda udesign hiyo knot uone ka utalala.

Wajerumani nao wamekuja na stool. Kampuni ni VS, stool ni Hokki, haina mgongo, chini imepinda, mtoi anayumba bila kuanguka. Inapita dola 100. Moja! Weka class nzima na umebuy shamba Kitengela. Na cha kunichekesha zaidi, sisi hiyo technology tumekuwa nayo tangu uhuru. Dawati gani ya prayo ya mtaa haiyumbi? Kila moja iko na mguu mfupi. Unakunja page ya exercise book unaweka chini, kesho mtu wa row ingine ameiiba akaweka yake. Tofauti ni kwamba ya Mjerumani inayumbisha mtoi mmoja kimya kimya. Yetu mmekaa watatu, mmoja akiyumba wote mmeyumba, na inalia kriiii hadi staffroom. Ni wobble stool ya sacco.

Lakini soma hapo vizuri. Hakuna mtu anahitaji kubuy kiti ya dola soo. Mtu anahitaji kusort miguu ya dawati. Hiyo si startup, hiyo ni fundi, msumeno na mchana moja. Pengine ndio maana hakuna mtu anaifanyia pitch deck.

Kuta nazo. Hapa nitakanyaga mathe wengi, na sijali.

Unajua mambo ya CBC. Mzazi anatumwa manila paper, gundi, kifuniko cha soda, majani ya ndizi. Mathe anachora tembo hadi saa sita usiku. Mtoi amelala fofofo. Asubuhi tembo inaenda kwa ukuta, inapatana na chati za gunia, alfabeti, sehemu za mmea, ramani, picha ya meno, kamba ya nguo imevuka darasa na vikaratasi vinapeperuka juu ya vichwa vya watoi. Darasa imeiva! Ukiipiga picha inapata likes. Odijo mkuu anapitisha wageni hapo kwanza.

Sawa. Pittsburgh, Carnegie Mellon University, 2014. Walichukua watoi wa chekechea wakawafunza science kwa darasa mbili tofauti, moja ukuta zimejaa mapambo, nyingine tupu. Kwa ile imepambwa, watoi walikuwa nje ya lesson karibu asilimia 39 ya time. Kwa ile tupu, 28. Test ikakuja: kwa lesson za darasa imepambwa wakapata 42 kwa mia, kwa za ile tupu wakapata 55. Ukweli, walikuwa watoi 24 tu, hawajazi hata mathree mbili, kwa hivyo usikimbie kung'oa tembo ya mathe leo usiku. Lakini unaona rada.

Na sisi tuko na yetu ya hapa hapa, kubwa zaidi. Busia na Teso, shule 178 za prayo. Researchers, mmoja wao Michael Kremer yule wa Nobel ya 2019, walipatia shule 89 flip charts: science, hesabu, afya, jografia, picha safi. Zingine 89 hawakuzipea. Wakangoja. Marks zikafanya nini? Hazikufanya kitu. Zero. Na tamu ya hiyo story ni hii: ukilinganisha tu shule zenye zilikuwa zimejipatia chati zao kitambo na zenye hazina, unaona wenye chati wako juu. Ungeapa ni chati. Kumbe shule yenye inaweza kupata chati pengine iko na mengine mengi pia. Hivyo ndio kila product ya focus inauzwanga, buda. Mtoi wa academy ako na cube na ako na A. Hakuna mtu anakushow pia ako na tuition, na room yake, na mayai mbili asubuhi.

Aside kidogo kwa wenye doo, juu najua mko hapa mmejificha: zile chupa kubwa za chuma. Stanley. Mtoi wa class four anabeba chupa nzito kushinda bag, ati hydration inaleta focus. Ya ukweli ni mathao kadhaa, ya Kamukunji ni bei ya kunong'oneza, na zote mbili zikianguka kwa cement lesson ikiwa kimya, GANG'! Class nzima imekufa kicheko, odijo amepoteza line, dakika tano zimeenda. Lesson ya upper primary ni dakika 35. Hesabu mwenyewe, ka hukuwa Rongai.

Haya. Sasa zile zenye zinanibamba, na hakuna hata moja inauzwa kwa box ya rangi rangi.

Trans Nzoia, wasee wa Peek wakishirikiana na daktari wa macho wa Kitale, Hillary Rono. Waliwafunza odijo kupima macho ya watoi na smartphone. Herufi E kubwa inageukageuka, mtoi anaonyesha na kidole imeangalia wapi, basi. Lakini kupima si ndio genius. Genius ni kwa mzazi. Unajua mzazi akishikishwa karatasi imeandikwa mtoto aende hosi, anaifanya nini? Inawasha jiko. So wakatengeneza picha. Picha inaonyesha venye mtoto wako anaona ubao. Ukungu tupu. Mathe anaishika anashtuka: kumbe huyu hakuwa mjinga, hakuwa mkaidi, haoni! Juu ya hiyo, SMS za kukumbusha. Matokeo yalitoka 2018: kwa shule zenye zilipata hiyo system, 54 kati ya kila watoi mia wenye walitumwa hosi walifika. Kwa zenye zilifanya ile ya kawaida, 22.

Hiyo ndio design sasa. Mtoi mwenye alikuwa anaitwa mzembe, anakaa nyuma, ananakili kwa jirani, anapigwa na odijo na kwao. Na shida yote ilikuwa kioo. Miwani inapita sheria yangu na heshima: haiangaliwi, inaangaliwa kupitia. Kilichobaki ni luku. Zamani mtoi wa miwani alikuwa anaitwa macho nne, anaificha kwa soksi. Saa hii maceleb wanadunga miwani haina hata namba ndio wakae wasomi kwa TikTok. Hiyo trend ikawahi kusaidia mtu, ni huyo mtoi. So ka we ni designer wa frame na unasoma hii: bluu ya hospitali, wachana nayo. Tengeneza kitu mtoi wa Dandora ataibiwa.

Na kuna wristband. Wacha nikushow ndio product ya focus kali zaidi Kanairo, na haina neno focus mahali popote.

Wawira Njiru alianza Food4Education 2012, jikoni ya kuungaunga Ruiru, akilisha watoi 25. Leo wako na kitchen ya Kawangware yenye imejengwa kutoa plate 60,000 kwa siku. Watoi wanapata chakula aje bila pesa kupotea, bila list, bila aibu ya huyu amelipiwa na huyu hajalipiwa? Tap2Eat. Wristband iko na chip. Mzazi anatuma doo na M-Pesa, mtoi anafika dirishani, anatap, anapewa plate, next. Tangu Dishi na County ianze 2023, mzazi wa Nairobi kwa public school analipa kobole. Kobole, msee! Kobole yenye konda ukimpea anaangalia nyuma aone ka kuna mtu anarekodi prank. Iliyobaki inalipwa na county na hao Food4Education.

Sasa cheki design. Watoi wanaidunga na flex zote, ni kama smartwatch. Hakuna anayejua nani kwao kuko tight. Iko na kazi sekunde chache saa ya lunch, then siku nzima imekufa kimya kwa mkono. Haina screen, haina taa, hailii. Imeguswa, imesahaulika, na saa nane tumbo haiongei. Umewahi jaribu fractions tumbo ikiongea? Tumbo ndio mnoisemaker mkubwa kwa hiyo class, na huwezi ipeleka kwa drawer ya odijo.

Na hapa, polepole bila kuizoea, nawapea wazee point. Moja. Maziwa ya Nyayo. Kuanzia 1979 Moi alitoa maziwa bure kwa prayo, kwa ile pakiti ya pembe tatu yenye kila mzee anaichora na vidole hewani akiisema, macho yakiwa mbali. Mzee akiacha story ya mti akaanza ya maziwa, kaa chini usikize. Anajua. Hakujua tu ilikuwa product ya focus, yeye alidhani ni serikali nzuri.

Dawa ya minyoo nayo iko hapo kwa hiyo hiyo line, vitu zisizo na luku. Huyo huyo Kremer na mwenzake Edward Miguel, Busia, shule 75. Watoi wakapewa vidonge, absenteeism ikashuka kwa robo. Marks zenyewe hazikuruka, na maprofesa wamebishana sana baadaye juu ya hizo hesabu, wacha wabishane, ndio job yao. Lakini huwezi focus kwa class yenye hauko. Kidonge kinamezwa. Haiwezi angaliwa zaidi ya hapo.

Sasa niko na moja imebaki bila mwenyewe, na hii naiwekea mbogi yote ya Technical University, ya JKUAT, ya polytechnic, na fundi wa jua kali mwenye hana karatasi lakini ana akili. Mvua kwa mabati.

Mnaijua. Ikianza, lesson imeisha. Odijo anajaribu kupiga nduru sentensi mbili, anaandika page number kwa ubao, anakaa. Watoi wanaangalia juu. Dakika 35 zimenyeshewa. Na hizo ni shule ngapi, msimu wa mvua ndefu mzima? Hakuna spinner, hakuna cube, hakuna tube ya baiskeli inasaidia hapo. Usiniambie mambo ya tray za mayai kama studio ya mtaa. Tray ya mayai inapunguza mwangwi kidogo, mvua haijui hata iko. Ceiling ya ukweli inafanya kazi, lakini bei yake board ya shule inaisoma ikikunja karatasi. Nataka kitu cha kuwekwa chini ya mabati, nyepesi, isishike moto, panya wasiifanye estate, fundi wa mtaa aibandike Jumamosi moja. Bei ya class nzima isipite ya hiyo stool moja ya Mjerumani.

Ukiipata, usiniletee pitch deck. Nitafute kwa base mvua ikinyesha, tuingie class yoyote ya mabati hapa mtaani, uongee sauti ya kawaida kutoka mbele, mimi niko back bench. Nikikusikia, chapo mbili, madondo na avocado ni mimi. Avocado nusu lakini. Bei umeiona.